Kidole Changu Mgongoni Mwake

Jumanne, 10 Oktoba
Leo nimemsindikiza mume wangu kupimwa macho. Wenye sukari wote wameitwa. Nesi mmoja mrefu akaonyesha ubaoni: miguu ya herufi hii inaangalia wapi? Jasho likamtoka shingoni. Fundi cherehani mzima, na wateja wake wawili wako kwenye foleni! Nikasimama nyuma yake, mtoto wetu Kifungo nimembeba, nikamchora mgongoni kwa kidole. Juu. Kushoto. Chini. Akapata zote. Nesi akasema macho ya kijana haya, daktari wa nini. Njiani tulicheka hadi mtoto naye akacheka, hajui anacheka nini.

Jumatatu, 4 Machi
Gauni la Kifungo la kutimiza mwaka. Baba yake kalishona siku tatu. Mfuko mmoja umekaa kichwa chini. Alipokwenda kuoga nikaufumua, nikaushona upya kwa mkono. Akarudi, akapapasa.
“Mama Kifungo, mshono huu si wangu.”
“Wako, Baba Kifungo.”
“Mikono yangu haijapofuka.”
Neno hilo halijawahi kutamkwa humu ndani.

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa macho ni binti tu, rika langu. Kammulika ndani ya jicho, kisha la pili. Anasema sukari imeleta uvimbe nyuma huko, vimishipa vinavuja. Mwili una protini zake za kulinda jicho – za Baba Kifungo zimepungua, zimezidiwa. Nikauliza, nimlishe mayai? Akatabasamu: hizi haziliwi, dada, mwili unazitengeneza wenyewe. Sasa ni sindano ya kutuliza uvimbe. Ndani ya jicho! La kulia huenda likabaki. La kushoto tumechelewa.
Kisha akasoma kadi. Oktoba imeandikwa anaona vizuri. Mngeniona wakati ule, akasema, akaishia hapo.
“Nilibahatisha, dokta,” Baba Kifungo akadakia. Hakunitaja. Hata kugeuka upande wangu hakugeuka.
Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia lisikike lenyewe.

Alhamisi, 14 Machi
Naandika nikiwa kliniki, daftari juu ya goti. Kifungo kalala kifuani. Sindano ya kwanza leo. Asubuhi alishika lile gauni akaniuliza rangi gani. Njano. “Najua, nakupima tu.” Kitambaa alichagua mwenyewe.
Lakini jicho la kulia lipo bado. Nalishikilia hilo.
Kabla ya sindano apimwe tena, wajue kiasi gani kimebaki. Nesi ni yule yule mrefu. Ubao ule ule. Kaitwa, kakaa kwenye kiti mbele yangu, jicho moja kaziba kwa kiganja. Foleni yote inatazama.
Inaangalia wapi, baba?
Nesi anarudia, taratibu.
Jasho lile lile shingoni. Mgongo wake unarudi nyuma kidogo kidogo, unanitafuta. Umefika kwenye goti langu, umegusa daftari.
Kidole changu kiko kwenye kalamu. Nikiacha kuandika tu kitakwenda mgongoni mwake, kwa hiyo naandika, naandika