Kipokezi cha Mfuko wa Nyuma

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na kile kikohozi kimekuachia. Sisi tunapumua tu. Mama anakula akilazimishwa. Nina jambo sijamwambia mtu yeyote, hata yeye. Nimeikumbatia karatasi hii kama mtu anayeogopa kuibiwa majibu.

Jana baba mdogo alirudia yale aliyosema msibani: kwamba ulimletea marehemu baba kifaa kibovu cha kuchunga moyo, ndiyo maana moyo wake uliposimama pale uwanjani simu ya mama haikulia. Mama hakukutetea. Alisema tu kwamba bora usije kwanza.

Kaka, kifaa kilikuwa kizima.

Fundi alipokuja kukifunga, ulikuwa umeshasafiri. Alizungumza Kiingereza, nikasukumwa mbele nitafsiri. Baba mdogo akaanza: haya profesa, tusomee taarifa ya habari! Mashangazi wakaangua kicheko. Nikajikaza, nikaeleza kwamba kidude kinabandikwa kifuani, na kipokezi, kile kisanduku kama kiberiti, kinavaliwa kiunoni ili kinase mawimbi yake na kuipasha simu ya mama habari. Kisha fundi akasema kivaliwe mbele, tumboni, kamwe kisiwe nyuma, kwa sababu mwili umejaa maji, na maji humeza mawimbi ya redio. Chumbani mawimbi hugonga kuta yakamzunguka mtu. Mahali pa wazi hayana pa kugonga.

Baba akauliza, amesemaje? Wote walinikodolea macho, tayari kucheka tena. Nikajibu, amesema usikiloweshe.

Basi baba akakitia mfuko wa nyuma, maana mbele kilimchoma tumbo akiinama. Tulikijaribu sebuleni, simu ikalia vizuri, nikajiambia yameisha. Lakini kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa mpira, na katikati ya uwanja hakuna ukuta. Kwa miezi miwili, kila asubuhi, nilimwona akitoka, kisanduku kimetuna nyuma ya suruali. Neno moja tu lingetosha.

Ningeweza kusingizia kwamba sikuelewa. Nilielewa kila kitu.

Ukiipata barua hii, mpigie baba mdogo umsomee yote, usiruke mstari. Msalimie wifi, umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Nasikia ndara za mama koridoni, anakuja huku. Nimeondoa mkono juu ya karatasi. Akiingia, atasoma kabla yako.

Mdogo wako wa mwisho,
aliyekuponza.