Nimeagwa na Bado Nipo

Kipatimu, Kilwa,
Mkoa wa Lindi.
19 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Scholastica,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Najua umeshaitikia yote mawili kabla hujavuta kiti. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Sumbawanga? Mara ya mwisho ulisema linakuuma kila ukipanda ngazi za wodini, na bado ukakataa kuomba likizo. Wewe ni nesi mzuri lakini ni mgonjwa mbishi, na hilo nalisema kwa heshima zote.

Sisi huku hatujambo. Kifua cha Baba kimetulia. Mama yuko shambani, ufuta umekubali mwaka huu. Kaka Valerian na mkewe Bertha wanatarajia mtoto mwezi wa tisa, na Bertha ameshaanza kuchukia harufu ya samaki, kwa hiyo nyumba nzima tunakula maharage.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu yangu, Shangazi, si yangu tena tangu mwezi wa pili. Ikilia tu, Mama anaacha chungu jikoni, Valerian anatoka chumbani, na jirani yetu Mama Alfonsi anachungulia juu ya ua, wote wakitaka kujua kama ni Ulaya wanapiga. Nikitaka kuongea nawe lazima nipande pale mwinukoni karibu na shule ambako mtandao unashika, na pale kila apitaye anasimama kusikiliza bila haya. Kwa hiyo nimeandika. Nitampa Faustino, yule wa lori la machungwa, akaiposti Dar.

Mwezi wa pili nilifanya usaili wa masomo ya uzamili, sayansi ya udongo, katika chuo kimoja cha Ulaya ambacho kinatoa na ufadhili. Niliufanyia kwenye ofisi ya kigango kwa sababu pale kuna sola na mtandao kidogo. Baba ndiye katekista na mwenye ufunguo, basi akajipa kazi ya kusimama dirishani, afukuze mbuzi na watoto wasinipigie kelele. Maprofesa walikuwa wanne. Waliniuliza kuhusu udongo wa milima yetu, kwa nini unaporomoka hivi na wazee walikuwa wanauzuiaje, nami nikajibu mpaka nikajisahau, nikawa nawaonyesha kwa mikono. Mwishoni walicheka, wakanishukuru, wakanipungia mkono wote. Wakasema majibu yatakuja kabla ya Pasaka.

Hayo maneno ya mwisho Baba hakuyajali. Yeye aliona mikono. Unamjua mdogo wako. Miaka yote hii anawahoji wanaotaka ubatizo na wanaotaka ndoa, na kwake mambo hayana kona: aliyeshindwa anaambiwa palepale arudi darasani, na aliyeagwa kwa kicheko amepita. Nikamweleza kwamba wale wanacheka hata na mtu watakayemkataa. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtoto asiyeijua bahati yake.

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, akamaliza ndoa mbili na zamu ya kufagia kanisa, kisha akatangaza kwamba binti wa kigango hiki amepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Shangazi, vigelegele! Mimi nilikuwa katikati ya kwaya, sauti ya pili, nimebanwa kushoto na kulia, watu wananipiga mgongoni kwa furaha. Ningesema nini? Nimbishie katekista mbele ya altare, naye ndiye baba yangu mzazi? Nilimwambia jioni, na Mama akiwepo. Akasema, "Rosalia, matangazo yameshasomwa." Kwake hapo ndipo mazungumzo yaliishia.

Jumatatu ya Pasaka wakaniaga rasmi. Akachinjwa mbuzi, togwa ikanywewa, akina mama wakanivisha vitenge viwili, na Padre aliyekuja kutoka parokiani akanimwagia maji ya baraka kama msafiri. Babu Likwata alilia mbele za watu, akasema hatutaonana tena. Nimeona watu wengi wakiagwa hapa kwetu, wa kuolewa, wa kuhamia Dar, wa jeshini. Sijawahi kuona mtu aliyeagwa akaamka kesho yake akaenda kuteka maji. Nilikutana na Babu njiani siku ile, na sote wawili hatukujua tusalimianeje.

Majibu hayajaja. Pasaka imepita, Pentekoste imepita. Nimewaandikia chuo mara mbili, wamejibu kwa adabu sana kuwa maombi bado yanapitiwa na kwamba watanijulisha. Kila siku nafungua barua pepe. Nakuta tangazo la viatu.

Hapa nyumbani nafasi yangu imeshajazwa. Shuleni nilikokuwa najitolea kufundisha kemia wamempa vipindi vyangu kijana mwingine, tena anafundisha vizuri, nimemsikia nikipita dirishani, na nilitamani awe mbovu kidogo. Chumba changu wamekipata Valerian na Bertha. Nalala na magunia ya ufuta, nikigeuka yananikwaruza. Shambani akina mama wamenikataza kushika panga. Wanasema hii mikono ni ya kalamu za wazungu, nikae kivulini. Wanasema kwa upendo kabisa, na mimi nataka kupiga kelele.

Njiani ndiko kubaya zaidi. "Hee, Mzungu wetu, bado upo?" Hiyo ndiyo salamu yangu siku hizi. Wanangu wa shule wanasema ndege yangu imepata pancha. Mama Alfonsi aliniuliza juzi, kwa sauti ya chini, eti kama kuna mtu amenitia mkosi niseme waniombee. Sasa naenda kisimani adhuhuri, jua kali, wakati hakuna mtu. Jumapili nimeacha kwaya, nakaa nyuma mlangoni, natoka kabla ya baraka. Nina shahada ya chuo kikuu, Shangazi, na ninapita nyuma ya nyumba za watu kama mwizi wa kuku.

Usidhani siitaki ile nafasi. Naitaka mpaka naiota. Lakini kuna siku namwomba Mungu wanikatae tu, haraka, nilie siku moja yaishe, ili nipate kurudi nyumbani ingawa nipo nyumbani.

Sasa nifike kwenye sababu hasa ya kuandika. Wiki iliyopita mzee wa kanisa alimwuliza Baba mbele ya wenzake kama nitaondoka kweli, au ilikuwa maneno. Baba akaaga palepale. Alirudi hakula. Asubuhi akaniita, akaniambia amepata njia. Nipande lori la Faustino alfajiri mojawapo mwezi ujao, nifike Dar, nije kwako Sumbawanga, nikae hapo kimya mpaka jibu lije. Yeye kanisani atasema nimesafiri. Nikamwuliza, nimesafiri wapi? Akasema, "Mimi nitasema umesafiri. Wapi, watajijazia wenyewe." Ameshapima, maskini, anaona hapo hakuna uongo. Mama ameshaanza kufua nguo zangu. Naye amechoka kuulizwa kisimani.

Fikiria kidogo. Wakinikubali, nitaondoka kweli na hakuna atakayejua. Lakini wakinikataa? Nitarudi vipi hapa? Nirudi baada ya miaka miwili nimevaa koti, nisimulie theluji ambayo sijaiona? Au nisirudi kabisa, niwe mtu wa Sumbawanga, na Babu afe akijua niko ng'ambo? Na Baba atasimama kila Jumapili pale mbele akiwafundisha watoto amri ya nane, usiseme uongo. Nampenda Baba. Hakufanya hivi kwa kiburi, alifurahi tu kabla ya wakati, na sasa aibu inamla. Lakini siwezi kuibeba kwa kwenda kujificha.

Nimemwambia hapana mara tatu. Hanisikii, mimi ni mtoto. Padre naye yuko mbali, na kumpelekea Padre habari hii ni kumvua Baba nguo. Umebaki wewe. Wewe ndiye dada yake mkubwa, wewe ulimbeba mgongoni, na sijawahi kuona akikubishia. Atakupigia simu baada ya mavuno ya ufuta kukuomba unipokee. Ataanza mbali, atakuulizia goti, atakuulizia mahindi. Nakuomba, Shangazi, ukatae. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Sema nyumba imejaa, sema unahamishwa kituo, sema lolote litakalokujia. Kisha umwambie, kama dada, asimame kwenye yale matangazo aseme binti yake bado anasubiri. Ni sentensi moja tu. Mimi nitakuwa nimeketi benchi la mbele, na watakaocheka nitawaona na wao wataniona.

Najua nakuomba kitu kigumu, kumfungia mlango mtoto wa ndugu yako. Siku nyingine yoyote ningekuja mbio, ningekukanda goti hilo kwa mafuta ya ufuta mpaka ucheze ngoma. Ila nikija safari hii, jibu likitoka litanikuta sipo popote.

Wasalimie sana Grace na Leonadi, mwambie Leonadi nimesikia sauti yake imeanza kukwaruza na namsubiri kwenye sauti ya nne. Msalimie mama mwenye nyumba wako, Bi Mwanaima, aliyenitumia zile mbegu za maharage, zimeota zote. Babu Likwata anakusalimu, Mama anakusalimu, Valerian na Bertha na huyo wa tumboni pia. Mungu akupe nguvu wodini na usingizi wa kutosha ukirudi, na Bikira Maria akutangulie kwenye hizo ngazi.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,

Rosalia

N.B. Nilikuwa nimeshakunja karatasi, Baba akaingia akaniuliza namwandikia nani. Nikasema wewe. Amefurahi sana, amekaa hapa pembeni yangu kwenye gunia. Anasema nikuulize baridi ya huko mwezi wa saba ikoje hasa, maana anataka kunitafutia sweta, na anaogopa asije akachukua jepesi.