Isale Kwenye Shingo ya Chupa

Mpendwa Baba Aika,

Ukuta wako wa kule mtaa wa Mawenzi wameupaka rangi upya. Kampuni ya simu. Ukuta mzima rangi moja, hakuna picha, hakuna fumbo, namba tu. Niliutazama mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo.

Unakumbuka ulipochora pale ile chupa ya bia? Biashara huria ndiyo kwanza ilikuwa imeruhusiwa, kila mwenye duka Moshi anataka ukuta unaosema. Shingoni mwa chupa ukafunga jani la isale, chini ukaandika: "Yaishe." Nilirudi nyumbani nikiwaka. Isale! Jani analolishika mkosaji anapokwenda kuomba radhi, na aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Jani tunalolipanda makaburini. Wewe ukaivisha bia.

"Mama Aika," ukasema, huku unasugua rangi vidoleni kwa mafuta ya taa, "mgeni akipita ataona chupa na jani. Mchagga akipita ataona ugomvi wake wa jana. Mimi nimechora nusu tu. Nusu nyingine wanayo wenyewe."

"Hiyo si sitiari, ni wizi. Bia imemkosea nani mpaka ibebe isale?"

"Imewakosea wanawake wote wa mlimani!" Ukacheka mpaka ukakaa chini.

Redioni mwimbaji alikuwa anamwita mpenzi wake sukari. "Mbona huyu humgombezi?" ukauliza. Nikakwambia waulizwe wakata miwa wa kule tambarare, wenye masizi ya miwa iliyochomwa mpaka kooni, kama sukari ni mapenzi.

"Na wao wanaucheza wimbo huu huu," ukasema. Nilikuwa na hasira, nikakujibu kwa hiyo.

Bado nasema, na magazetini nimeandika mpaka wahariri wamenichoka: mshairi hukopa jina la kitu akalirudisha limenenepa, tangazo hukopa, halirudishi. Kama mchwa. Ganda linabaki limesimama, ndani hakuna kitu.

Aika alipita mbele ya chupa ile kila siku akienda shule. Sasa yuko Dar, anatunga matangazo. Damu yako. Mara ya mwisho alipokuja nilimwambia anauza maneno ya babu zake kwa kilo. Akalisukuma kando bakuli lake la mtori wa ndizi. "Mama, wewe unamshinda kila mtu. Ndiyo maana unakula peke yako."

Krismasi mbili hajapanda mlimani. Barabara inajaa magari ya watu wanaorudi vihambani, kwenye mashamba ya ukoo wao, nami nasikiliza honi zikipita kwenda kwa wengine. Nani wa kubishana naye sasa? Nyumba hii inakubaliana na kila ninalosema.

Jana nilishuka migombani, nikachuma isale pale ulipolala. Nimelitia kwenye bahasha ya kwenda kwa Aika, bila neno hata moja. Mimi!

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumletea mwenzake isale. Wewe ulikuwa ukicheka, yanaisha. Isale pekee aliloliona Aika likiomba radhi ni lile la chupa. Akipiga simu kuuliza, "Mama, hili jani la nini?" basi nilikuwa sahihi miaka yote ile: tangazo halirudishi. Akitokea kwenye njia ya migombani na begi lake, ukuta wako ndio uliomfundisha kulisoma, si mimi.

Nimezoea kushinda, Baba Aika. Safari hii niombee nishindwe.

Mgomvi wako,
Mama Aika