Namna ya Kuchora "Nitarudi"

Jumapili jioni, Chilangala. Baridi ya Julai imenishika mpaka kwenye vidole. Ukungu wa asubuhi ulichelewa kuondoka, na jua lilipokuja lilikuja kutusalimia tu likapita. Nusu ya siku nimeshona, nusu nimechora. Moyo hautulii.

Keshokutwa alfajiri nampeleka binti yangu Somoe kwenye shule ya bweni ya watoto wasiosikia. Ni safari ya kutwa nzima: Newala, Masasi, halafu basi jingine kwenda mbali zaidi ya nilikowahi kufika. Ana miaka saba. Nafasi imepatikana katikati ya mwaka, na kaka yangu mkubwa ameshasema aende. Kwetu mjomba akisema juu ya mtoto wa dada yake, maneno yamekwisha. Nami nakubaliana naye. Hapa kijijini hakuna anayejua lugha ya alama, na mimi nina ishara zangu za nyumbani tu: kula, lala, njoo, acha, bibi, mbuzi. Kule atapata lugha ya kusemea mambo yake yote.

Yeye mwenyewe hajui kwamba anaondoka. Sina ishara ya shule. Sina ishara ya miezi. Na ile ninayoihitaji kuliko zote, "nitarudi", sina.

Ningekuwa na wasiwasi mdogo kama isingekuwa habari ya baba yake. Mwaka juzi alipanda basi kwenda Dar kutafuta maisha, na hakuna aliyeweza kumweleza mtoto. Somoe alikaa njiapanda siku nzima, kesho yake akakaa tena, chakula akakataa. Baba yake hajarudi mpaka leo. Kwa hiyo kwa binti yangu, mtu akipanda basi, ndiyo basi tena.

Mwalimu mmoja wa kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kule Masasi ndiye aliyenipa wazo. "Mama Somoe," aliniambia, "mchoree. Huyu masikio yake ni macho."

Ndiyo maana tangu baada ya Ramadhani najifunza kuchora. Najifunzia kwenye video za simu, bando likiwepo: mstari, duara, uso unaoanzia kwenye umbo la yai, kivuli kinachoangukia upande mmoja. Mimi ni fundi cherehani, kola naichora kwa chaki nimefumba macho, nikadhani itakuwa mteremko. Jamani! Watu wangu wote wana mikono kama uma. Juzijuzi nilichora mbuzi kwenye karatasi ya kaki ninayokatia sampuli, mama yangu akapita akasimama.

"Hicho kigoda cha nani?"

"Ni mbuzi, mama."

"Haya. Akichoka kusimama atakaliwa."

Kuimba nako najifunza. Somoe alipokuwa mchanga nilimbeba mgongoni nikitwanga, nikiimba, na alikuwa akibandika shavu mgongoni kwangu anatulia. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anausikia wimbo kwa shavu. Mpaka leo hawezi kulala bila kuweka kiganja kifuani kwangu nimwimbie. Lakini sauti yangu ni nyembamba, ya puani, haifiki kifuani ikatikisa kitu, na pumzi hukatika mapema. Akikosa mtikisiko ananipiga kifuani kwa kiganja kama mtu anayepiga redio iliyoishiwa betri.

Nikaenda kwa Mzee Linus, aliyefundisha kwaya ya kigango chao miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akacheka. "Wewe ni wa msikitini, Mama Somoe. Kwaya umeifuata nini?" Nilipomweleza, kicheko kikaisha. Akasema basi hatuanzi na wimbo, tunaanza na pumzi. Akanilaza chali kwenye mkeka barazani, mke wake akaniwekea bakuli tumboni, nikaambiwa bakuli lipande na kushuka, mabega yasihangaike. Baada ya hapo ndiyo tukaanza do re mi, ila kwa kushuka badala ya kupanda, mdomo umefungwa, mpaka chini kabisa sauti inapokwaruza. Majirani wameshaanza kuniuliza nabatizwa lini. Nacheka nao. Siwezi kumweleza kila mtu kwamba ninajifunza kuimba kwa ajili ya mtu asiyesikia.

Sasa niandike ya Ijumaa, maana ndiyo yananiuma.

Ijumaa nilikamilisha picha nne. Ya kwanza, mimi na Somoe ndani ya basi. Ya pili, Somoe na watoto wenzake mbele ya jengo, na mimi nikiondoka. Ya tatu, mkorosho uliojaa mabibo, maana likizo ndefu itakuta korosho bado zinaokotwa, na Somoe hakuna kazi anayoipenda kama kuokota korosho. Ya nne, sisi wawili tena hapa nyumbani. Niliona nimeweza. Kwenye ile ya pili nilitumia somo nililolipata wiki hiyohiyo: kitu cha mbali huwa kidogo. Nikajichora mara tatu barabarani, mkubwa getini, mdogo kidogo mbele yake, kisha mdogo kama punje kule mwisho. Nilijipongeza. Nilimwonyesha hata Mzee Linus.

Somoe aliitazama, akaweka kidole kwenye mama mkubwa, akakipeleka kwa wa kati, akakipeleka kwenye punje. Kidole kikabaki pale. Akanitazama usoni. Kisha akaenda kwenye cherehani, akachukua futi kamba yangu, akaja kunipima.

Alinipima kama anavyoniona nikipima wateja. Akakanyaga ncha moja kwenye kisigino changu, akavuta mpaka alipofika kifuani, mkono ukaishia hapo. Akatafuta kigoda, akapanda, akafika utosini. Akashika pale kwa vidole, akashuka, akaitazama ile futi. Namba hazijui. Akanipima tena. Alikuwa anataka kujua kama nimeanza kupungua.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaona anapanda kigoda mara ya tatu.

Usiku huo na jana yote alikuwa kila baada ya muda anaifuata futi na kunipima, hata nikiwa jikoni. Miezi yote hii ya kujifunza, na kitu pekee nilichofanikiwa kumwambia mwanangu ni kwamba mama yake ataisha kidogokidogo barabarani. Nimejichukia sana siku mbili hizi. Mama aliniambia niache. "Ntoto ataelewa akifika. Nnungu atamsaidia." Huenda. Lakini yeye hakuwa njiapanda siku zile za baba yake, mimi ndiye niliyembeba kumrudisha akinipigapiga.

Leo nimechora upya. Nimeyatupa ya mbali na karibu. Katika kila picha mimi ni mkubwa vilevile, hata kule mwisho wa barabara, nimeipita nyumba kwa urefu, nimeipita miti. Yule mwalimu wa kwenye video angelia. Kwenye mkorosho nimeharakisha, korosho nikaziweka juu ya mabibo. Somoe aliponinyang'anya penseli nikashtuka. Akazikata zote kwa mistari, akachora zake zikining'inia chini ya bibo, kama Mungu alivyoziumba. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayetaka kushonewa mfuko mgongoni. Tukacheka wote wawili, na ndicho kicheko chetu cha kwanza tangu Ijumaa.

Halafu akaitazama picha ya nne. Akaitazama sana. Akaweka kidole kwenye basi la picha ya kwanza, akakileta kwangu, akageuka kuangalia nje, upande wa njiapanda.

Sikujua anauliza juu yangu au juu ya baba yake. Nilitikisa kichwa kukubali, nikaogopa nimekubali kitu kingine.

Hakulia. Aliziweka picha pembeni akaja kuweka kiganja kifuani. Nikavuta pumzi ya tumboni kama nilivyofundishwa, nikaanza kushuka taratibu, do ya juu, ti, la. Nilipofika chini machozi yakaniwahi. Mzee Linus hakunifundisha namna ya kuimba huku nalia. Sauti ikakatika. Somoe akasubiri. Akanigonga kifuani. Hakuna kitu.

Basi akatoa mkono kifuani kwangu, akauweka kooni kwake, akafunga mdomo, akaguna.

Alitoa sauti nzito, ndefu, ya kukwaruza, isiyopanda wala kushuka. Sisi tulikuwa tunaijua sauti yake ya kilio na ya kicheko tu. Macho yakamtoka. Alikuwa ameipata kwenye kiganja chake mwenyewe. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Nani huyo? Ni mbuzi kanaswa na kamba?"

Nikamwonyesha. Akakaa palepale chini, mwiko umemwangukia mapajani, akasema jina la Mungu kwa Kimakonde mara kadhaa.

Tangu hapo hajanyamaza. Anazunguka uani mkono umeshika koo. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba kule bwenini watamnyamazisha, mpaka nikakumbuka kuwa wenzake nao hawasikii. Ataguna mpaka ashibe. Walau hilo ataondoka nalo. Lakini nilikuwa nataka aondoke na "nitarudi", na sina uhakika kama nimemkabidhi.

Nimemaliza sare sasa hivi. Pindo la sketi nimeliacha refu, literemshwe akikua, na kuliteremsha nataka niwe mimi. Nimekunja nguo, nikafungua tranka lake kuzipanga. Chini kabisa, chini ya shuka nililoweka jana, nimekuta futi kamba yangu, imeviringwa vizuri kama ninavyoiviringa mimi nikifunga kazi.

Niliishika muda mrefu. Mtu habebi futi ya kumpimia mtu asiyetegemea kumwona tena. Au najidanganya? Au ameiba tu kitu chenye harufu ya mikono yangu?

Nimeirudisha palepale, chini ya shuka. Kesho kuna gauni la mteja, nitapima kwa shubiri.