Marais wa Marekani Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Jumamosi, 4 Juni 1994

Kazi nusu siku. Nimefika chumbani, nimefunga mlango, nimeteremsha pazia. Joto. Sura ya tano. Nasoma kwa sauti ndogo, kama tulivyozoezwa sekondari. Nikisoma kimya, Kiingereza cha kitabu kinanikimbia.

Padri mzee wa Malampaka, Mmarekani, aliniachia vitabu vitatu aliporudi kwao moja kwa moja. Vyote vinahusu marais wa Marekani, wahafidhina, na kile walichoiachia nchi yao. Nilitarajia hadithi. Sasa siwezi kuviacha.

Ofisini hakuna anayejua. Ushirika wetu wa pamba unapunguza makarani mwezi huu. Wanunuzi binafsi wa pamba wameshaonekana Bariadi na magari yao, na Meneja anasema kuna mtu wa ndani anawapa habari. Karani mwenye vitabu vya kusifu soko huria atajitetea vipi? Nimevitia kwenye mfuko mtupu wa mbolea ya salfeti, nikausukuma chini ya kitanda.

Jumanne, 7 Juni

Masanja, tarishi wetu, ameniuliza kwa nini sionekani kwenye bao siku hizi. Kwa nini aulize? Tunakaa mtaa mmoja. Tena ni sungusungu, yumo kwenye ulinzi wa mtaa. Anachosikia yeye, Meneja hukisikia kabla ya chai.

Waraka umekuja kutoka Dar kuhusu ununuzi wa pamba. Nimepewa kuupiga chapa. Aya ya pili ni kama imetoka kitabuni mwangu: serikali ikae pembeni, mfanyabiashara aachwe afanye kazi. Nilikosea herufi mara nyingi. Nani huko juu anasoma ninachosoma? Na mbona yeye haogopi?

Alhamisi, 9 Juni

Kitabu cha kwanza ni cha rais wa miaka ya themanini; kinasema aliiokoa nchi. Alipunguza kodi, akafukuza waongoza ndege waliogoma, watu wakasimama kwa miguu yao. Cha pili kinamhusu mtu huyohuyo. Kinasema waliosimama ni matajiri. Mwandishi wa kwanza simwamini. Wa pili nilimwamini haraka mno, kwa hiyo naye simwamini. Cha tatu ni cha rais wa zamani zaidi, aliyesema kidogo na kuwaachia wenye biashara nafasi. Anasifiwa kwa kunyamaza. Huyo namwelewa.

Mayu Kabula, mama mwenye nyumba, hakuitikia salamu yangu. Ng'ombe wake ametupa mimba jana. Nilimpa pole. Akautazama mlango wangu.

Ijumaa, 10 Juni

Majirani walinyamaza nilipopita. Masanja ameshasema, hakuna jingine. Nimeamua kuvichoma. Niliwasha jiko, nikatoa cha kwanza, nikakifungua. Mkaa ukazima nikiwa bado nasoma. Mjinga mimi.

Jumapili, 12 Juni

Filimbi ilipigwa baada ya ibada. Sungusungu walijaa uani, na mtemi, mkuu wao, mbele. Siku za kazi ni fundi baiskeli. Leo hakuwa fundi.

Nilidhani ni mambo ya pamba. Kumbe sivyo. Mayu Kabula alieleza: mlango unafungwa mchana kweupe, mtu mmoja ndani anazungumza peke yake kwa lugha isiyojulikana, kuna mfuko chini ya kitanda. Halafu ng'ombe anatupa mimba. Wanadhani nafuga dawa.

Anayeitwa mchawi hapa hutengwa. Hapewi moto wala maji. Wengine yamewapata mabaya kuliko hayo. Na Masanja alikuwa palepale na upinde wake. Nikifungua mfuko, kazi imekwenda. Nisipoufungua, sijui nitalala wapi, au kama nitalala.

Niliuleta.

Mtemi alivigeuza vitabu, akavikung'uta. Hakikuanguka kitu. Akaniamuru nisome kwa Kisukuma yale niliyokuwa nanong'ona. Nikasoma habari za wale waliogoma.

"Huyo rais ana roho ya mama mkwe wangu," alisema mzee mmoja. Wakacheka. Mimi sikuweza.

Mtemi naye hakucheka. "Na pamba ya wakulima wa huko, nani alinunua?"

Nikasema kitabu hakielezi.

"Kitabu kinene hivi?"

Mayu Kabula hakuridhika. "Kama ni vitabu tu, mbona ulijifungia, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nalo. Nisingelitoa mbele ya Masanja.

Wakahukumu: si mchawi, lakini kuanzia sasa nisomee uani, kila Jumapili, wote wasikie.

Jumatatu, 13 Juni

Meneja hakuniita. Kutwa nzima nimesubiri. Nilimuuliza Masanja kama amesema.

"Niseme nini, karani? Mimi Kiingereza sijui."

Alitabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Ijumaa, 17 Juni

Waliopunguzwa wametajwa. Mimi simo. Badala ya kushukuru nimekosa hamu ya kula. Kwa nini nimebakizwa? Meneja aliongeza kwamba wanunuzi binafsi wakichukua pamba ya msimu huu, tawi lote litafungwa. Alisema akitazama dirishani.

Jumapili, 19 Juni

Nimesoma uani. Mayu Kabula aliketi upande wa zizi, mbali na wenzake. Bado ananipima.

Nilikuwa kwenye sura ya mwisho, kuhusu kile rais alichoacha: majaji aliowateua, ofisi za serikali alizozifunga, madeni, watu wanaogombana mpaka leo kama alikuwa mwema. Pikipiki ikazimwa nje. Meneja akaingia, akaamkia watu, akapewa kigoda. Nikaacha kusoma.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea. Nilipofika mwisho wa sura hakuna aliyeinuka. Meneja ndiye aliyeuliza, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini kuliko ya ofisini: zile ofisi alizozifunga rais huyo, wakubwa wa humo walikwenda wapi?

Huenda ni mtego. Nilimtazama. Alikuwa anatazama kitabu, si mimi.

Nikasema ngoja nitafute. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja mmoja. Alivuta kigoda karibu, akangoja.