Mtamba Uliyemkataa kwa Sababu ya Kanuni

Baba yangu,

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Siku ile niliporudi kutoka Bariadi nikakuambia kwamba mkuu wa idara ya kilimo hayupo ofisini, nilikudanganya. Alikuwepo. Barua yako aliisoma mbele yangu.

Nakumbuka ulivyoiandika. Ulikuwa umeshaambiwa kwamba umo kwenye orodha ya wanaopunguzwa kazini, maana sasa, walisema, wanunuzi binafsi wa pamba ndio watakaomhudumia mkulima. Wakulima wetu wa huku karibu na Lagangabilili wakaamua kukuaga kwa ngoma, hotuba na mtamba mweupe. Mzee Masanja alikuja mwenyewe kukupa habari. Wewe ukaingia ndani, ukatoka na kitabu cha kanuni za utumishi, kile ulichokishona mgongo kwa uzi wa gunia.

"Mtumishi hapokei hotuba ya kusifiwa wala zawadi ya kuagwa bila kibali cha mkuu wake," ukamsomea.

"Si wamekufukuza?"

"Mpaka mwisho wa mwezi mimi ni mtumishi."

Mzee Masanja akacheka. "Bwana shamba, wewe hata ukifa utaomba kibali cha kuzikwa."

Nawe ulicheka. Kisha ukaandika barua, nakala ukaiweka ndani ya kitabu, ukanituma mimi kwa kuwa shule yangu iko mjini.

Nilikuta ofisi nzima inapambwa. Mkuu alikuwa amepata uhamisho, na Jumamosi ile wangemuaga. Kochi jipya lilikuwa pale kwenye veranda, bado limo kwenye nailoni, zawadi ya watumishi wake. Mama anayefagia ofisi alininong'oneza kwamba walichangishwa watake wasitake. Nje alifungwa fahali aliyeletwa na mnunuzi wa pamba.

Mkuu alifungua barua yako, akacheka kwa sauti. "Jamani, sikieni! Aliyepunguzwa naye anataka hotuba!" Wote wakacheka, baba, hata wale waliowahi kula kwetu. Halafu akaniambia, "Mwambie baba yako kanuni ni kanuni. Kibali hakuna." Barua akaiweka chini ya chupa yake ya soda, ikalowa.

Nilisema "Asante, shikamoo," vyote kwa mpigo, nikatoka.

Sikutaka ujue kwamba walikucheka. Ndiyo maana nilidanganya. Lakini wewe ukaendelea kusubiri jibu hadi siku ya mwisho, na siku hiyo wakaja na ngoma uani kwetu. Mzee Masanja akakunyooshea kamba ya mtamba. Ukaweka mikono nyuma. "Kibali hakijafika," ukasema, na ngoma ikanyamaza. Kwetu, kumkataa ng'ombe wa mtu mbele ya watu ni kumkataa mtu mwenyewe. Hakuna aliyerudi kesho yake. Wakasema bwana shamba anaringa, barua ya kibali ni kisingizio tu. Hata kwenye msiba wako Mzee Masanja alikaa mbali, akaondoka bila kumpa mama mkono.

Baada ya kukuzika nilikisoma kile kitabu chote. Kanuni yenyewe si mbaya. Inazuia wakubwa wasijilimbikizie zawadi kutoka kwa wanaowaogopa. Iliandikwa kwa ajili ya yule mwenye kochi, baba, ikakukamata wewe! Yeye alipanda gari na fahali wake, akapigiwa makofi. Wewe uliyetembea kwa miguu miaka yote kukagua pamba ya watu ulikufa unaitwa mwenye majivuno. Nina hasira na yeye. Nina hasira na waliocheka. Nina hasira na wewe pia, kwa kumheshimu mtu asiyeheshimu kitu. Na nina hasira na "shikamoo" yangu.

Hapo niliishia jana. Leo baada ya ibada nimechukua ile nakala, nimekwenda kwa Mzee Masanja.

"Mwangaluka," nikamwamkia. Hakunikaribisha kiti. Nikasoma nikiwa nimesimama, nikifasiri kwa Kisukuma. Nilipofika pale ulipoandika, "Naomba kwa heshima, maana watu hawa ni ndugu zangu," akaniinulia mkono.

"Rudia hapo, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe.

Nikarudia.

"Kumbe aliomba," akasema.

Ndipo nikamweleza habari za ofisini, na uongo wangu. Hakunikaripia. Alimfungua yule mtamba, ambaye sasa ni ng'ombe mkubwa mwenye ndama, tukaja naye hadi kaburini kwako hapa nyumbani. Pale alikuhutubia kwa sauti, kama watu wote wapo: kwamba uliwachomea mabua ya pamba yenye wadudu, wakakutukana, na msimu uliofuata wakavuna. Mama alisikia akatoka nje.

Alipomaliza alininyooshea kamba. Nimeipokea kwa mikono miwili.

Ni mimi, binti yako uliyemtuma.