Meli Inaingia Matengenezo, Mama Alale Wapi?

Kwako mshauri, nakuandikia nikiwa nimebaki na siku kumi na mbili tu, na sina mwingine wa kumwuliza kwa sababu kila ninayeweza kumwuliza nimeshamdanganya.

Nina miaka thelathini na sita, nauza dawa katika duka moja hapa Migori mjini, nimeolewa Rusinga na mume wangu James ni mtu mzuri, watoto wetu ni wawili, Byron wa miaka kumi na miwili na Mourine wa minane, na mama yangu anaishi Kisegi alikoolewa, lakini alizaliwa kisiwani Takawiri, ambako mdogo wake, mjomba Elkana, bado ana boma lake. Sasa kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake, hilo unalijua, kwa hiyo kwa miaka kumi na mitatu mama amekuja kwangu Migori na Rusinga mara nyingi, anakula, anawaogesha wajukuu, anataniana na James kila mmoja akiwa kwenye kiti chake mbali na mwenzake, halafu jua likianza kushuka anachukua mkoba wake na kwenda kulala kwa binamu yake, na mimi tangu nivae pete sijawahi kulala karibu na mama yangu hata usiku mmoja.

Mwezi wa Julai tulimpeleka kwa daktari wa macho, akasema ni presha ya macho, kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, mbele anaona lakini pembeni haoni, na kwamba matone yatalinda kilichobaki ila hawezi kuahidi kitabaki kwa muda gani. Tulipotoka nje mama hakulia, alisema tu, "Basi nipelekeni niione Takawiri kutoka majini, vile nilivyoiona siku ninaondoka kwenda kuolewa."

Ndipo nikakumbuka ile meli ya watalii inayotoka Homa Bay Ijumaa saa nane mchana, inapita Mbita na Rusinga, inatia nanga mbele ya Takawiri kabla jua halijazama, inakaa hapo Jumamosi yote watu wakishushwa ufukweni kwa mashua ndogo, na inarudi Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nikaona nimepata dawa ya kila kitu, maana meli si nyumba ya mtu, mama atalala chini, James atalala juu, mimi nitalala chini na mama, na hakuna desturi itakayovunjwa. Msichana wa ofisi anayeandikisha abiria, Scovia, aliniambia mapema kwamba meli itapandishwa nchi kavu tarehe tatu Novemba kwa matengenezo ya kila mwaka na safari hii watafanya vyumba vyote upya, kwa hiyo nichague ama safari ya mwisho kabla ya matengenezo, Ijumaa tarehe thelathini na moja Oktoba, ama ya kwanza baada ya matengenezo, tarehe kumi na tisa Desemba. Kwa ajili ya macho ya mama nikachagua Oktoba, nikaandikisha vyumba viwili chini na kimoja juu.

Wiki iliyopita Scovia akanipigia. "Madam Lynnet, kuna kitu. Mafundi wameanza mapema. Ghorofa ya chini wameshang'oa vitanda na kuta. Safari yenu iko, lakini wote mtalala juu."

"Juu kuna vyumba vingapi?"

"Nane. Na kila vyumba viwili vinatumia bafu moja katikati. Nyinyi mmebakiwa na viwili tu, namba tano na namba sita."

Namba tano na sita, mshauri, yaani mama na mkwe wake ukuta mmoja wa plaiwudi na bafu moja. Nikamwomba Scovia ampeleke James chumba cha mwisho kule mbele, akasema, "Hao wengine ni walimu wastaafu wa Rongo, na wameshagawana vyumba kulingana na nani anakoroma. Mimi siingilii hapo." Nikamwuliza kuhusu Desemba, akashusha sauti: "Ofisi inasema tarehe kumi na tisa. Mimi nisikuapie. Mwaka juzi walisema wiki sita, zikawa kumi na nne." Akataka jibu palepale, nikamwambia familia imekubali, na sikuwa nimeuliza mtu.

Jioni hiyo mama akapiga. "Lynnet, ora atalala upande gani?" Ora ndivyo anavyomwita mkwe wake.

"Yeye juu, wewe chini, mama."

"Ngazi zinatutenganisha?"

"Zinawatenganisha."

"Basi Mungu ni mwema. Nimeshanunua raba za kutembelea melini. Wamama wa kanisa wanasema nikitembea nazo nafanana na mwalimu wa michezo."

James nilijaribu kumpima, nikamwuliza itakuwaje vyumba vikiwa karibu, akacheka. "Hiyo meli si dala, si boma la mtu. Mimi pale sina paa, sina mlango, hata kuku sina. Mama atalala kwa maji."

"Na bafu?"

"Bafu gani?"

Nikabadilisha mazungumzo, na mpaka leo hajui.

Namjua mama, akigundua akiwa ndani hatagombana na mtu, atakaa kwenye kiti nje mpaka asubuhi na kusema anapunga upepo, na James akibaki nyumbani mama atajua ni kwa sababu yake na hatafurahia chochote, na nikisogeza mpaka Desemba vyumba vitakuwa vipya na kila kimoja kitakuwa na bafu lake, lakini sijui jicho litakuwa limefika wapi. Niende na tarehe hii na nitumaini mema, au nisubiri meli itengenezwe?

Lynnet, Migori (majina nimeyabadilisha)

JIBU

Lynnet, umewadanganya watu watatu kwa jambo moja: mama kuhusu ngazi, mume wako kuhusu bafu, na Scovia kuhusu idhini ya familia. Huyo Scovia ndiye pekee aliyekuambia ukweli wote, tena kwa kunong'ona. Nakuelewa kwa nini ulifanya hivyo. Umengoja usiku mmoja na mama yako kwa miaka kumi na mitatu, ukauona unaponyoka, ukaushika kwa nguvu. Lakini uliushika vibaya, na unayo nafasi ya kurekebisha kabla mtu hajapanda meli.

Tuanze na tarehe. Usisubiri Desemba. Nilimwuliza fundi mstaafu aliyefanya kazi kwenye injini za meli za ziwani kwa zaidi ya miaka ishirini. Alinieleza kwamba tarehe ya meli kuingia matengenezo hujulikana, ila ya kutoka hukadiriwa tu. Meli ikiwa majini huoni tumbo lake. Ikishapandishwa na rangi kukwanguliwa, mafundi hukuta bati lililoliwa na kutu ambalo halikuwa kwenye mpango, na vyumba vipya husubiri mpaka bati liishe. Akaongeza kwamba yeye hangempeleka mzee wake kwenye safari ya kwanza baada ya matengenezo, kwa sababu hiyo ndiyo safari ambayo pampu za maji na vyoo hujaribiwa kwa mara ya kwanza watu wakiwa ndani. Kwa hiyo Desemba yako inaweza kuwa Februari. Daktari amekwambia kuhusu jicho, na hakuna godoro jipya linalostahili kungojwa kuliko jicho hilo. Tarehe thelathini na moja Oktoba ibaki.

Sasa tuje kwenye ukuta. Umeandika sana kuhusu ukuta, lakini jambo kubwa zaidi limekupita. Mama anaona kama kwenye bomba. Mtu wa namna hiyo haoni ngazi iliyo chini ya mguu wake, wala fremu ya mlango iliyo pembeni ya bega lake. Ngazi za meli ni kali kuliko za nyumba, na unataka azipande, alale ghorofa ya juu, kisha aamke gizani kutafuta bafu mahali asipopajua, huku akijitahidi asikutane na mkwe wake aliyevaa taulo. Hata angekuwa mgeni asiye na desturi yoyote, ningekwambia asilale huko. Wewe unauza dawa. Hili ulipaswa kuliona kabla yangu.

Na hoja ya James kwamba hana kuku melini? Ni nzuri, nimecheka. Wapo wengi watakaokubaliana naye, na wapo watakaosema desturi yenyewe imepitwa na wakati. Wabishane. Mimi naona mama yako ameulizia ngazi mara moja tu, na uliposema zipo akamshukuru Mungu na kununua raba. Huyo ameshakupa jibu lake. Wewe na James hamna ruhusa ya kubadilisha jibu hilo kwa kumficha jinsi vyumba vilivyo.

Basi alale wapi? Barua yako inajibu mistari michache tu baada ya kuanza, halafu inasahau. Mjomba Elkana ana boma Takawiri. Meli inatia nanga mbele ya kisiwa Ijumaa kabla jua halijazama na haiondoki mpaka Jumapili mchana. Ile mashua ndogo inayowashusha walimu wa Rongo Jumamosi wakaote jua inaweza kumshusha mama yako Ijumaa akalale kwao. Pale hakuna mkwe wa kumkwepa. Ni kwa mdogo wake, mahali alipozaliwa, na naamini hata bila macho mguu wake unajua mlango uko wapi. Wewe na watoto mtashuka naye. Mtalala chumba kimoja, mkitaka kitanda kimoja, siku mbili, kwa sababu pale wewe ni binti nyumbani kwa mjomba wake, hukuja kama mke wa mtu. James abaki melini na chumba namba sita na bafu zima peke yake, na Jumamosi mchana aje kuwasalimia kama mkwe anavyokuja, ale, kisha arudi melini jua likianza kushuka. Ni zamu yake kuchukua mkoba.

Kabla ya hapo kuna simu za kupiga, na upige kwa mpangilio huu.

Kwanza mama. Usitumie spika, na usimtume Byron akusemee. Mwambie: Mama, nilikudanganya kuhusu vyumba, ghorofa ya chini imevunjwa, naomba unisamehe. Usiongeze maneno ya kujitetea. Kisha mwulize angependa kulala wapi. Usimpe jibu langu kabla hajatoa lake.

Halafu James. Mwambie kuhusu bafu. Atajifanya ameudhika, lakini moyoni atashukuru.

Mjomba Elkana aambiwe idadi ya watu na siku, ili kama paa lina shida ajue sasa, na mtu asimame ufukweni na tochi ikiwa meli itachelewa.

Mwisho Scovia, na umwombe akuandikie majibu kwa ujumbe, sio kwa mdomo. Mashua itashusha watu Ijumaa jioni, saa ngapi? Ina jaketi la kuelea la kila abiria, pamoja na la mtoto wa miaka minane? Ukumbi wa kulia, kama uko chini, utakuwa wazi mchana, au nao umeng'olewa? Ukiwa wazi, mama akae pale safari nzima bila kugusa ngazi, kwenye dirisha la mbele, si la pembeni. Mnapokaribia Takawiri, msogeze akielekee kisiwa uso kwa uso. Kumbuka anaona mbele tu.

Na kama ofisi itafuta safari hiyo wiki hiyohiyo, jambo ambalo linawezekana kwa meli iliyovunjwa nusu, usilie wala usirudi kuniandikia. Nendeni Mbita asubuhi mkapande boti ya kawaida ya Takawiri. Mama yako hakuomba meli, Lynnet. Aliomba Takawiri, kutoka majini, na boti nayo hupita majini.

Jambo la mwisho ni dogo lakini usilisahau. Mkishuka Ijumaa, mtabeba nguo chache tu kwenye mashua, na masanduku yatabaki melini. Matone ya macho yawe mfukoni mwako.